Goti la Lucien, Kofia ya Amos

"Usiivae hiyo kofia, dogo!"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Mkono wa Amos ulikuwa umeshaigusa kofia ya buluu ya Chuo cha Calder, ishara kwamba huko ndiko atakakochezea, na ukumbi mzima wa shule ya Pont Noir, Louisiana, ulikuwa umesimama, viganja tayari kupiga makofi. Sauti ikatokea mlangoni. Vichwa vyote vikageuka.

Alikuwa Lucien, kaka yake Amos, mchezaji wa Calder hiyo hiyo. Gongo kwapani, begi begani. Na si begi la mtu anayekuja kulala siku mbili. Begi lote.

Mama yao, Verlene Fontenot, alikuwa amekaa jukwaani ubavuni mwa Amos, amevaa gauni lake la kanisani. Alipoliona lile begi, aliinuka nusu kwenye kiti. Mama haambiwi. Mtoto akirudi na begi lote, kuna mlango umefungwa huko atokako.

"Lucien! Si ulisema huwezi kuja, una darasa?"

"Nimekuja, Mama. Amos, weka kofia chini."

Watu wakaanza kunong'ona. Shangazi Eula, dada wa marehemu baba yao, alikuwa amesimama kulinda keki aliyoipaka sukari ya buluu. Yeye hakunong'ona. Eula hajaumbiwa kunong'ona.

"Haya, wivu umeingia na gongo lake!" alipaza. "Siku yako ya kutia saini, nani alikuzuia? Si tulikupikia? Si tulikuchezea mpaka viatu vikaachama? Leo ya mwenzako unatuletea sura ya matanga!"

"Shangazi, nakuomba uniache."

"Nikuache wapi? Ndiyo kwanza umefika!"

Watu wakacheka. Lucien hakucheka. Kocha Mouton, kocha wa shule, mtu mfupi aliyewafundisha mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, ndugu wote wawili tangu wakiwa wanadondosha kamasi, akakinyakua kipaza sauti.

"Jamani, kidogo tu. Keki haikimbii."

Akawavuta Verlene na wanawe nyuma ya jukwaa, kwenye chumba cha kuwekea helmeti na mipira. Akafunga mlango.

Wakati wanaingia, wasomaji wangu, niwatupie kimoja. Kitendawili! Nyumba yangu imejaa, mgeni haingii mpaka mwenyeji atolewe. Mkishindwa mtanipa mji. Lakini nadhani leo sitapata mji, maana jibu lenyewe limekuja linachechemea.

"Sema," Amos alisema. Huyu Amos ni pande la mtu, ana miaka kumi na saba lakini milango humwonea haya. "Sema, kaka, watu wananingoja. Mimi na wewe jezi moja. Wewe unakimbia na mpira, mimi mbele nakufungulia njia. Si ndivyo tulivyoahidiana tukilala kitanda kimoja, miguu yako puani mwangu?"

"Sitakimbia tena, Amos."

"Mpaka Agosti. Daktari alisema Agosti."

"Alisema hivyo Desemba. Juzi amesema mengine. Wamenitoa kwenye timu. Wanasema goti limekufa."

Verlene akashika rafu, helmeti mbili zikagongana.

"Limekufa vipi? Krismasi ulinionyesha picha yake, ukasema linaunga vizuri!"

"Linaunga, Mama. Jumatatu nimekimbia kwenye mashine, mtaalamu wa viungo akaniambia safi, wiki hii gongo tupa. Jumanne Kocha Pruitt akaniita ofisini. Akanikalisha, akanipa soda." Lucien alicheka kicheko kikavu. "Kocha wa chuo akikupa soda ya baridi, ujue kuna jambo la moto."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Lucien, nina nafasi themanini na tano za kulipiwa, na zote zina watu. Mdogo wako nampenda kama yai. Sasa nimkalishe wapi, mapajani mwangu?' Akacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi. Halafu akasema daktari wa timu ameshaandika kwamba sitacheza tena maisha. Mtu akiandikwa hivyo, chuo kinaendelea kumsomesha, lakini hahesabiwi tena kwenye zile themanini na tano. Nafasi yake inabaki wazi."



"Wazi kwa nani?" Amos aliuliza, ingawa uso wake ulikuwa umeshajibu.

"Kwa jitu moja linaloitwa Amos Fontenot."

Mmekitegua, eh? Basi ndiyo hivyo. Nyumba ilijaa, na mwenyeji ametolewa. Lakini nani kati yetu alidhani mgeni na mwenyeji wamenyonya ziwa moja?

"Na kama ungemkatalia?" Verlene aliuliza.

"Nilijaribu, Mama. Nikamwambia nitatafuta daktari mwingine wa nje anipime. Akasema nina haki hiyo. 'Lakini mpaka huyo wa nje amalize, nafasi haiko wazi. Mwambie mdogo wako akae nyumbani mpaka Januari ijayo, halafu tutaona.' Na 'tutaona' ya makocha tunaijua. Wangapi hapa Pont Noir wameambiwa 'tutaona', leo wanakata miwa?"

Amos alipeleka mkono kichwani kuivua ile kofia kana kwamba alikuwa ameivaa, kumbe alikuwa ameishika tu mkononi muda wote. Akaitupa kwenye kapu la mipira.

"Basi sivai. Nikitoka nachukua ile ya kijani. Naenda Chuo cha Tarrow."

Kocha Mouton akatazama sakafu.

"Kocha?" Amos alimwita. "Tarrow walinitaka. Walikuja mara tatu."

"Walikutaka, mwanangu. Jumapili ukawaambia umempa Pruitt neno lako. Jioni ile ile nafasi yako wakampa kijana mwingine. Ile kofia ya kijani pale mezani niliiweka ipendezeshe picha. Siku ya saini, meza ya kofia moja huonekana ya kimaskini."

Ndivyo wafanyavyo huko kila Februari. Kofia tatu mezani, mtoto anazungusha mkono juu yake, wageni wanapiga yowe, na kumbe mbili ni mapambo. Amos alikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ulikuwa umejengwa kwa goti la kaka yake.

Simu ya Kocha Mouton ikalia. Akaitazama. Rangi ikamtoka.

"Ni yeye. Pruitt."

"Weka sauti juu," Verlene alisema. "Nipe."

"Mouton, vipi, mbona kimya huko?" Sauti ilikuwa nene, tamu, ya mtu aliyezoea kupendwa.

"Si Mouton. Ni Verlene."

"Bi Verlene! Mama yangu mimi! Au mmezama kwenye ile supu yako ya bamia na kamba? Mke wangu ananuna, nikilala naiota supu, yeye simuoti!"

"Lucien yuko hapa, Kocha."

Utamu ukapungua nusu kijiko. "Ah. Kijana muungwana sana huyo."

"Ulikaa mezani kwangu ukasema wanangu wote wawili watavaa jezi moja. Ukasema watoto wangu ni wako."

"Na wote wawili nawasomesha! Hebu hesabu, Bi Verlene. Mama gani hapo Louisiana ana watoto wawili chuoni na hatoi hata nauli? Nani amepoteza hapo?"

"Lucien amepoteza mpira."

"Lucien amepoteza goti, mama. Na sikulivunja mimi."

"Linapona!" Lucien alipiga kelele. "Umeiona mashine mwenyewe, linapona!"

"Mwanangu," Pruitt alisema polepole, na ajabu ni kwamba sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli, "mashine haipandi ngazi. Daktari wangu alisita, sitakuficha. Nikamwambia, huyu kijana kwao anashuka ngazi kwa makalio. Sikuota hayo. Nimeambiwa na mtu wa nyumbani kwenu, kwa mdomo wake. Hapo ndipo alipoandika. Mchezaji aliyeshindwa na ngazi za mamake nimpeleke uwanjani akamalizwe? Sasa sikilizeni. Nina kijana Alabama ameshika kalamu. Saini ya Amos isipofika sasa hivi, nampigia. Nawapenda nyote."

Simu ikakatika.

Lucien akageuka taratibu. Akamtazama Kocha Mouton, ambaye hakuwepo nyumbani Krismasi. Akamtazama Amos. Akamtazama mama yake.

"Nani?"

Verlene akaishika tena ile rafu.

Maana aliikumbuka. Wiki ya pili ya Januari, jikoni kwake. Kocha Pruitt bakuli la pili, jasho linamtiririka kwa pilipili, anasifia. Halafu, kwa upole, kama mtu wa ukoo: "Na Lucien wetu? Goti linamsumbua sana akiwa nyumbani?"

Na yeye, mama, moyo ukamfurika. Mtu mkubwa vile, amekumbuka kumuulizia mwanawe! Akamwongezea supu, akasema: "Ah, Kocha, mtoto wangu anateseka. Krismasi alikuwa anashuka ngazi kwa kukaa, moja moja, kama mtoto mchanga. Nakuomba huko umtazame." Na Kocha akamshika mkono: "Nitamtazama, Bi Verlene. Usiwe na shaka."

Naye alimtazama kweli.

Mtego wa panya huwekwa chakula. Huu ulikuwa wa namna yake. Mgeni ndiye aliyekula chakula, aliyenaswa ni mwenye nyumba.

Amos alikuwepo pale mezani, anatafuna mkate wa mahindi. Alisikia kila neno.

Verlene akafungua mdomo. Amos akamwahi.

"Ni mimi," alisema Amos.

Lucien hakuelewa mara moja. "Wewe nini?"

"Mimi nilimwambia. Aliniuliza, nikamjibu. Sikujua, kaka."

"Hukujua!" Lucien alimsogelea, gongo likagonga kapu la mipira, mipira ikatawanyika miguuni mwao. "Nani alikufundisha kwamba kocha akikuuliza hali ya jirani yako, kila swali lina ndoano? Si mimi? Si nilikaa nawe barazani, nikakwambia akikuuliza habari zangu sema 'yuko vizuri, Kocha', basi?"

"Ulinifundisha."

"Krismasi hiyo hiyo ulikuwa unanibeba mgongoni! 'Panda, kaka, mimi ndiye punda wako.' Nikakuona una roho nzuri. Kumbe ulikuwa unapima uzito wa nafasi yangu!"

Amos alisimama tu. Machozi yalimshuka hadi kidevuni, na hakuinua mkono kuyafuta.

"Unajua nilichokuja kufanya?" Sauti ya Lucien ilivunjika katikati. "Sikuja kukunyang'anya. Nilikuja kukuokoa. Nimesafiri na begi langu nije nikwambie, usiende kwa watu wale, siku goti lako likipasuka watakupa soda. Nilisema bora tukae wote nyumbani tukate miwa. Kumbe nimechelewa. Mwenzangu alishakula na mchawi."

"Lucien," Kocha Mouton alianza.

"Nenda kavae, Amos. Kitu kimeshauzwa, usiache kukibeba. Ila nikikutana nawe kwenye njia za chuo, mimi nikienda darasani na wewe ukienda uwanjani, usiniite kaka."

Akatoka. Ko. Ko. Ko. Gongo likasikika mpaka likazimwa na makelele ya ukumbini.

Verlene akamkamata Amos shati kwa mikono miwili.

"Kwa nini umesema vile? Kwa nini, baba?"

"Mama, akinichukia mimi, bado anaye wewe." Amos alimbandua vidole taratibu, kimoja kimoja, kama mtu anayeokota dagaa wavuni. "Akikuchukia wewe, atabaki na nani?"

"Nitamfuata nimwambie!"

"Usimwambie. Mimi ni mtu wa mbele, Mama. Kazi ya mtu wa mbele ni kupigwa ili wa nyuma apite. Ndiyo kazi pekee ninayoijua." Akainama, akaiokota kofia ya buluu kwenye kapu. "Twende. Nafasi ya kaka ikienda Alabama, itakuwa ametolewa bure."

Wakarudi jukwaani. Amos akaiinua kofia, akaivaa.

Ukumbi ukalipuka! Tarumbeta, vigelegele, miguu inatwanga mbao. Shangazi Eula alirukaruka mpaka wigi likapinda. "Mwoneni anavyolia!" alimwambia jirani yake. "Machozi ya furaha hayo! Kafanana na marehemu kaka yangu, naye alilia hivi hivi harusini!"

Amos akatia saini. Halafu akaisogeza karatasi kwa mama yake na kumpa kalamu, maana mtoto wa umri wake hasaini peke yake. Mzazi lazima aweke mkono chini ya wa mwanawe. Bila hivyo, ya mtoto ni michoro tu.

Verlene akaishika kalamu. Akaisogeza. Ncha ikagusa karatasi, ikaacha nukta moja.

Akainua macho. Kule mwisho, Lucien alikuwa amefika mlangoni lakini hajatoka. Amewapa mgongo. Begi limening'inia begani, limemvuta upande mmoja, na Verlene akamwona vile alivyokuwa siku ya kwanza ya shule, begi kubwa kuliko yeye, hataki kugeuka mama asije akamwona analia.

Mkono wa Verlene ukaiacha kalamu. Ukakichukua kipaza sauti.

"Lucien. Mwanangu, rudi."

Makelele yakapungua kwa mafungu, kama mvua inayokatika.

"Aliyemwambia Kocha Pruitt habari za ngazi si mdogo wako. Ni mimi. Mimi mama yako, kwa mdomo huu, huku namwongezea supu."

"Mama, usi..." Amos alimshika kiwiko.

"Niache, Amos. Umenibeba, inatosha. Lucien, nilidhani namwambia mtu atakayekutunza. Nisamehe. Na usiponisamehe mimi, msamehe huyu. Hakusema hata neno. Alikuwa anakula mkate."

Kisu cha Eula kilibaki kimesimama kwenye keki.

Simu ya Kocha Mouton ikalia tena pale mezani, chini kabisa ya kipaza sauti kilichokuwa mkononi mwa Verlene. Maskini, kwa kuchanganyikiwa akaibonyeza.

"Mouton! Mama ameshasaini, au nimpe mtoto wa Alabama?" Sauti ya Pruitt ikatoka kwenye spika zote za ukumbi.

Vichwa vyote vilielekea mlangoni. Maana Lucien alikuwa amegeuka.

Alikuja polepole katikati ya watu, na watu wakampisha. Alipofika mbele akaliweka begi chini. Akamtazama mama yake kwa muda mrefu, na Verlene akauacha utazamwe uso wake, hakuuficha. Kisha Lucien akamtazama mdogo wake.

"Kwa hiyo umebeba mzigo usio wako."

"Nimeuzoea," Amos alisema. "Krismasi ulikuwa mzito zaidi."

Mdomo wa Lucien ulitaka kucheka, ukashindwa. Akamgeukia Eula, akamkabidhi gongo.

"Shikilia, Shangazi."

"Nishike nini? Wewe mtoto unataka kufanya nini?" Eula aliuliza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alinong'ona.

Lucien alikuwa amesimama chini ya ngazi za jukwaa. Ngazi za mbao, za mwinuko mkali, zisizo na mahali pa kushikia. Akaikazia macho ile simu mezani.

"Kocha Pruitt, ni Lucien. Ulisema mashine haipandi ngazi."

"Kijana, uko wapi? Unafanya nini?"

"Usipande!" Verlene aliita. "Lucien, usipande kwa ajili ya macho ya watu!"

Lakini moyoni hakujua anaomba nini. Goti likishika, daktari amesema uongo na nafasi ya Amos haikuwahi kuwa wazi. Goti likikataa, ya Lucien imekwisha kweli, na aliyemmaliza ni yeye aliyemzaa. Karatasi iko mbele yake na nukta moja ya wino. Alabama wanangoja. Wanawe wawili, mmoja juu na mmoja chini, na yeye ana dua moja tu.

Lucien akauinua mguu. Si ule mzima. Ule ule.

Akauweka kwenye ngazi ya kwanza, akauegemezea uzito wake wote, na mbao ikalia.